Ladha ya Mtazamaji na Matumizi ya Wakati katika Mifululizo ya Anime ya Kijapani

1.0 Utangulizi

Katika semina za fasihi na sanaa za maonyesho kuna kauli moja ambayo ikishatamkwa mjadala hufa papo hapo: kila mtu na ladha yake. Mwanafunzi aliyesema kwamba kazi fulani ilimfurahisha huulizwa kwa nini, naye hujibu kwamba aliipenda tu. Mwalimu, ambaye naye anazo kazi anazozipenda bila kuzitolea hesabu, huridhika na jibu hilo na kugeukia dhamira, ujumbe na falsafa. Uhakiki wa Kiswahili wa miaka ya 1970 na 1980 ulizidisha tabia hiyo, kwani uliweka mbele swali la kazi ya sanaa inaitumikia jamii vipi, na swali la inafurahisha vipi likaachwa lijisimamie lenyewe. Matokeo yake ni kwamba tunao msamiati mpana wa kueleza maudhui, lakini tukitakiwa kueleza raha tuliyoipata mbele ya kazi, hujikuta tukirudia maneno mawili matatu: taharuki, mvuto, uhai wa wahusika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamaji anaposema mfululizo fulani ulimfurahisha, anasema jambo juu ya mfululizo wenyewe, na kwamba jambo hilo laweza kuchunguzwa, kupingwa na hata kusahihishwa. Uwanja tuliouchagua ni anime, yaani filamu na vipindi vya michoro vya Kijapani, hasa mifululizo ya televisheni. Sababu ya uchaguzi huo ni kwamba watazamaji wa anime hubishana juu ya ladha kwa ukali na kwa undani ambao wahakiki wa riwaya wangefaa kuuonea wivu, na kwa kawaida hubishana wakiwa na dakika na sehemu mahususi mikononi. Dai letu ni kwamba sehemu kubwa ya mabishano hayo, hata pale yanapoonekana kuwa juu ya wahusika au uzuri wa michoro, kwa hakika huhusu wakati: jinsi mfululizo unavyotumia dakika ishirini na kitu za kila sehemu, pamoja na juma linalopita kabla ya sehemu inayofuata. Majina ya Kijapani tumeyaandika kwa kutanguliza jina la ukoo.

2.0 Asili ya utulivu

Mfululizo ulioweka msingi wa anime ya televisheni ni Tetsuwan Atomu wa Tezuka Osamu, ulioanza kuonyeshwa tarehe 1 Januari 1963. Kila juma studio yake, Mushi Production, ilitakiwa kutoa kipindi cha nusu saa, kwa malipo ambayo hayakulingana na gharama. Ili tufahamu ugumu wa kazi hiyo hatuna budi kutaja hesabu kidogo. Filamu hupita mbele ya macho kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mchoraji anayetaka mwendo laini huchora michoro 24 kwa kila sekunde, au 12 ambayo kila mmoja hupigwa picha mara mbili. Wachoraji wa Tezuka walishuka hadi michoro 8, kila mmoja ukipigwa picha mara tatu, na pale ilipowezekana walichora chini ya hapo. Mhusika alipozungumza, uso wake ulitulia na mdomo peke yake ukafunguka na kufungika. Mchoro wa Atomu akiruka angani ulihifadhiwa ukatumiwa tena na tena katika sehemu nyingine. Mara nyingi kamera ilipita polepole juu ya mchoro mmoja usiotembea, na sauti ikafanya kazi iliyobaki.

Mtazamaji aliyekulia katika filamu za Walt Disney akiuona mtindo huu huona umaskini, na hatuwezi kusema anakosea, kwa kuwa umaskini ndio uliouzaa. Hata hivyo, chanzo cha mbinu hakituambii mbinu hiyo inafanya kazi gani mara inapokwisha kuota mizizi. Msomaji wa utenzi anajua vizuri kwamba mizani minane na vina ni kamba iliyomfunga mtunzi, na anajua pia kwamba ubeti mzuri ni ule ambao usingewezekana bila ya kamba hiyo. Vivyo hivyo, vizazi vya waongozaji waliomfuata Tezuka vilirithi kanuni ya kuchora kidogo, na baadhi yao wakagundua kwamba picha iliyotulia inaweza kubeba uzito ambao mwendo ungeupeperusha. Tunasema baadhi yao kwa makusudi. Anime nyingi zina utulivu usiokuwa na kazi yoyote isipokuwa kuokoa fedha, na mtazamaji anayezichoka ana haki ya kuzichoka.

3.0 Sekunde hamsini ndani ya lifti

Mfano unaotajwa mara nyingi unatoka katika Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa sehemu 26 ulioongozwa na Anno Hideaki na kuonyeshwa kati ya Oktoba 1995 na Machi 1996. Katika sehemu ya 22 wasichana wawili, Asuka na Rei, wamo ndani ya lifti. Asuka, ambaye ameanza kushindwa katika kazi iliyompa thamani mbele ya macho yake mwenyewe, amesimama mbele. Rei yuko nyuma yake. Kwa muda wa karibu sekunde hamsini hakuna neno linalosemwa na hakuna kinachotembea. Lifti inanguruma tu. Kisha Rei anatoa kauli fupi ya kushauri, Asuka anaijibu kwa hasira, na tukio linaishia kwa kofi.

Ni kweli kwamba ratiba ya utengenezaji wa Evangelion ilibana sana katika nusu yake ya pili, na wapo wanaolitaja jambo hilo kana kwamba limemaliza uchambuzi. Sisi tunaona kwamba halijauanza. Tujiulize: katika zile sekunde hamsini mtazamaji anafanya nini? Mwanzoni anangoja. Baada ya sekunde kumi hivi anaanza kujiuliza kama televisheni yake imekwama. Halafu analazimika kuwatazama wasichana hao kama mtu anavyowatazama abiria wenzake katika lifti ya kweli, yaani kwa aibu, akiona umbali uliopo kati ya miili yao na kutambua kwamba hata mmoja hana njia ya kumfikia mwenziwe. Kauli ya Rei inapokuja, mtazamaji amekwisha kuvuta pumzi kwa muda mrefu kiasi cha kuona kofi kama nafuu. Hisia hiyo ya kuona haya kwa kufarijiwa na kofi haipatikani kwa maneno, wala isingepatikana kama tukio lingechukua sekunde tano.

Mfano wa pili kutoka katika mfululizo huohuo unatusaidia kuona kwamba si kila utulivu una thamani sawa. Katika sehemu ya 24, shujaa Shinji amemshika rafikiye Kaworu ndani ya mkono wa mtambo mkubwa anaouendesha, naye ametakiwa amuue. Picha inasimama kwa zaidi ya dakika moja huku Simfonia ya Tisa ya Beethoven ikisikika. Wengi hulipenda tukio hili kuliko la lifti. Kwa maoni yetu ni dhaifu kuliko lile, na sababu tunayoitoa ni ya kifani: muziki unamwambia mtazamaji ajione yuko mbele ya jambo kuu, na hivyo ile kazi ya kungoja inafanywa kwa niaba yake. Mwenye maoni tofauti anaweza kutujibu kwamba furaha iliyomo katika muziki huo inagongana na kitendo kinachokaribia, na kwamba mgongano huo ndio kazi aliyoachiwa mtazamaji. Hilo ni jibu zuri. Ni jibu linalohusu tukio, na tunaweza kulirudia tukio pamoja tukalipima. Mjadala wa ladha umeanza hapo, na hakuna aliyelazimika kusema kwamba aliipenda tu.

4.0 Jumapili saa moja na nusu jioni

Mwaka 1974 televisheni ya Kijapani ilitoa, bila ya kukusudia, jaribio ambalo mwanaujumi asingeweza kulipanga vizuri zaidi. Arupusu no Shoujo Haiji, mfululizo wa sehemu 52 ulioongozwa na Takahata Isao kutokana na riwaya ya Johanna Spyri, ulionyeshwa kila Jumapili saa moja na nusu jioni tangu Januari hadi Desemba. Mwezi Oktoba kituo kingine kikaanza kuonyesha Uchuu Senkan Yamato saa hiyohiyo. Nyumba yenye televisheni moja ililazimika kuchagua.

Uchaguzi huo ulikuwa kati ya aina mbili za wakati. Yamato ni hadithi ya chombo cha vita kinachosafiri angani kwenda kutafuta kifaa cha kuisafisha dunia iliyojaa sumu ya miali, na kina mwaka mmoja tu wa kwenda na kurudi. Kila sehemu hufungwa kwa kutangaza idadi ya siku zilizosalia kabla ya binadamu kutoweka. Wakati hapa ni akiba inayopungua. Kila dakika isiyosogeza safari mbele ni hasara, na raha ya mtazamaji ni raha ya mwenye deni anayeona tarehe ikikaribia.

Katika Haiji wakati haupungui. Msichana yatima analetwa kwa babu yake mlimani, na sehemu nzima yaweza kutumika katika kumwonyesha akilala juu ya majani makavu, akiwafuata mbuzi malishoni, au akingoja jibini iyeyuke mbele ya moto. Kabla ya kazi kuanza, Takahata, Miyazaki Hayao na wenzao walisafiri hadi Uswisi mwaka 1973 kutazama mandhari na maisha ya mahali penyewe. Uangalifu huo unaonekana katika uzito wa vitu: ndoo ya maziwa ni nzito mkononi mwa mtoto, na mkate una ugumu wake. Riwaya ya Spyri si kubwa. Kuitandaza katika majuma 52 kulimaanisha kujaza wakati kwa mambo ambayo mwandishi wa taharuki angeyafuta yote. Faida yake huonekana karibu na mwisho, pale Clara, msichana aliyezoea kiti cha magurudumu, anaposimama kwa miguu yake. Tukio lenyewe ni fupi na linatabirika. Linagusa kwa sababu mtazamaji ameishi na watoto hao karibu mwaka mzima, na anajua kwa macho yake mwinuko wa mlima ule na ugumu wa hatua moja juu ya nyasi zake.

Haiji ulishinda katika idadi ya watazamaji, na Yamato ukakatishwa ulipofika sehemu ya 26. Lakini mambo hayakuishia hapo. Yamato uliporudiwa ulipata wapenzi wengi, na filamu iliyotengenezwa kutokana nao mwaka 1977 ikavuta umati wa vijana. Mwenye kutaka kuthibitisha kwamba ladha haina sheria anaweza kuutumia mfano huu. Sisi tunausoma vingine. Ilionekana kwamba kila mfululizo ulidai namna yake ya kukaa mbele ya televisheni. Haiji uliweza kutazamwa na familia nzima mezani, mmoja akiinuka na mwingine akiingia. Yamato ulihitaji mtu anayehesabu siku, na watu hao hawakuwa ndio wenye mamlaka juu ya televisheni ya sebuleni Jumapili jioni.

Kwa upande wetu tunaupendelea Haiji, na sababu yake tumekwisha kuitaja: jibini inayoyeyuka. Msomaji asidhani tunafanya mzaha. Mfululizo unaoweza kumfanya mtazamaji atulie mbele ya kipande cha jibini, bila ya kumwahidi kwamba jibini hiyo itakuwa na maana baadaye, umemfundisha kutazama, na mtu aliyefundishwa hivyo haachi kutazama pale hadithi inapopamba moto.

5.0 Marudio: sehemu nane za kiangazi

Ikiwa hoja yetu ni kwamba raha hutegemea jinsi wakati unavyotumika, basi inabidi tuikabili kazi inayoonekana kuupoteza wakati kwa makusudi. Katika kiangazi cha mwaka 2009 studio ya Kyoto Animation ilionyesha, ndani ya mfululizo wa Suzumiya Haruhi, sehemu nane mfululizo zenye hadithi moja. Marafiki watano wa shule wanazipitisha siku za mwisho za likizo, tangu tarehe 17 hadi 31 Agosti: wanaogelea, wanakwenda kwenye sherehe ya kiangazi, wanarusha fataki, wanakamata nyenje. Jioni ya mwisho mkahawani, Haruhi anahisi kwamba kuna jambo limebaki, anainuka na kuondoka, na siku zote hizo zinaanza upya. Katika sehemu ya pili wahusika wanagundua kwamba wamo ndani ya duara, na kwamba wameuzunguka zaidi ya mara 15,000. Hadi sehemu ya nane ndipo msimulizi, Kyon, anapata neno la kumzuia, nalo ni neno dogo sana: hajamaliza kazi za likizo alizopewa shuleni.

Sehemu hizo nane hazikunakiliwa. Kila moja ilichorwa upya, mavazi na pembe za kamera vikabadilishwa, na waigizaji wakarekodi sauti upya. Hadithi fupi ya Tanigawa Nagaru iliyo chanzo chake ingeweza kutoshea katika sehemu moja au mbili. Watazamaji wengi walikasirika, na hasira hiyo bado haijatulia kila kazi hiyo inapotajwa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na marudio yenyewe. Ngano zetu hurudia. Mhusika hupita mlango wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa maneno yaleyale, na wimbo huimbwa kila mara. Lakini fanani anaporudia wimbo huiachia hadhira nafasi: watoto wanaujua, wanaudakia, na raha ya mara ya tatu ni raha ya kuwa na sehemu katika utendaji. Tukizitazama sehemu nane za kiangazi kwa kipimo hicho tunajiuliza hadhira imeachiwa nini. Wapo walioona kwamba waliachiwa kazi ya kulinganisha. Walihesabu mavazi, wakatafuta tofauti katika rangi ya anga, wakangoja kwa hofu ile sekunde ya mkahawani ambapo Kyon hushindwa kusema. Kwao kungoja juma zima ili kushindwa tena lilikuwa tukio la kisanaa ambalo halijawahi kutokea. Wengine waliona kwamba baada ya mara ya tatu tofauti hizo zilikuwa mapambo tu, kwa kuwa hazikubadili walichokijua wala walichokihofia.

Sisi tumo katika kundi hili la pili. Lifti ya Evangelion inabadilika ndani ya mtazamaji kila baada ya sekunde chache. Marudio haya, tangu mara ya nne hadi ya saba, yanambadilisha kidogo mno kwa muda yanaoudai. Hata hivyo ni lazima tukiri kwamba hukumu hii inategemea namna ya kutazama. Anayezitazama sehemu zote nane kwa siku moja hupata uchovu wa masaa. Aliyezitazama mwaka 2009 alipata uchovu wa karibu miezi miwili, huku kiangazi cha kweli kikipita nje ya dirisha lake. Jambo hili linahusu kazi nyingi kuliko tunavyodhani. Mushishi (2005–2006), ambao kila sehemu yake ni kisa kinachojitegemea, huvumilika vibaya sana ukitazamwa sehemu sita kwa mpigo, na hunawiri ukipewa siku moja au mbili za ukimya baada ya kila kisa.

6.0 Pingamizi la wapenzi wa wahusika

Kuna pingamizi zito dhidi ya hoja yetu. Mwanafalsafa Azuma Hiroki, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya wapenzi wakereketwa wa anime, alieleza kwamba wengi wao hawaifuati hadithi. Hupenda vipengele vya wahusika, mathalani aina ya nywele, namna ya kuzungumza au tabia ya ukimya, vipengele ambavyo huchotwa kama kutoka katika ghala moja na kuunganishwa upya. Kama ndivyo, mtazamaji wa aina hiyo hajali wakati unatumikaje. Anamtaka mhusika wake tu, na ladha yake haina hoja ndani yake.

Tunakubali kwamba watazamaji wa aina hiyo wapo, na kwamba biashara ya anime inawategemea sana. Lakini hebu turudi kwenye kiangazi kile. Miongoni mwa marafiki watano yumo Nagato Yuki, msichana mkimya asiye binadamu, ambaye kazi yake ni kumchunguza Haruhi. Yeye peke yake ndiye anayekumbuka kila mzunguko. Ukimya wake unaweza kuhesabiwa kuwa kimojawapo cha vipengele vya lile ghala, kwani wasichana wakimya walikuwa wengi katika anime baada ya Rei wa Evangelion. Mtazamaji anayempenda Nagato kwa kipengele hicho tu, na ambaye kwa mujibu wa Azuma hana haja na hadithi, ndiye hasa aliyekuwa na sababu ya kuketi mbele ya sehemu zote nane na kumtafuta pembeni mwa kila picha. Kila alipomwona amesimama na barakoa ya sherehe kichwani, alijua kwamba Nagato ameyaona haya yote zaidi ya mara 15,000 na hakusema kitu. Uzito huo haukuwamo katika nywele wala katika sauti. Uliwekwa na majuma.

Februari 2010 studio hiyohiyo ilitoa filamu ya Suzumiya Haruhi no Shoushitsu, yenye urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Ndani yake Nagato anaugeuza ulimwengu mzima na kujifanya binadamu wa kawaida mwenye haya, kutokana na mambo yaliyomrundikia kwa muda mrefu bila ya mtu kuyaona. Mtazamaji aliyeziruka zile sehemu nane anaweza kuelezwa sababu hiyo kwa sentensi moja, akaielewa na akaendelea kutazama. Aliyezitazama zote, hata akiwa amezichukia, haitaji kuelezwa.